Nyuzi Kumi na Mbili za Bi Pimamaji

Saa moja kasorobo asubuhi. Ukumbi wa kusubiria wa zahanati mpya bado haujaingizwa viti, na kila neno linalosemwa humu linarudi kutoka ukutani. Katikati ya sakafu ya kijivu kuna ua la vigae lenye upana wa mita mbili. Lina petali kumi na moja, kila moja umbo la almasi, ndefu na yenye ncha. Mahali pa petali ya kumi na mbili pako wazi, saruji tupu, kama pengo la jino.

Mwanamke wa miaka hamsini na minne amepiga magoti kando ya pengo hilo. Magotini amejifunga vipande vya sponji kwa mpira wa baiskeli. Kuna ndoo ya gundi, mwiko wenye meno, nyundo ya mpira, na pimamaji la manjano lililochubuka rangi. Hilo pimamaji ndilo lililompa jina. Kazini hapa hakuna anayemjua kwa jina alilopewa na wazazi wake. Ni Bi Pimamaji, basi.

"Vua viatu, ndugu mwandishi," anasema bila kuinua uso. "Gazeti lako litakusubiri. Gundi haimsubiri mtu."

Mwandishi anavua viatu.

Bi Pimamaji anaokota kipande cha kigae cha buluu, na mkono wake wa kulia unatetemeka. Kigae kinagonga ukingo wa ndoo: ti-ti-ti. Kwa mwaka mmoja na miezi miwili alihakikisha hakuna anayesikia mlio huo. Aliuficha mkono mfukoni, akaukalia, akaushikisha kitambaa cha kufutia jasho hata siku za baridi. Leo haufichi. Amebakiza mtu mmoja tu ambaye hajaambiwa, naye ni mkandarasi, ambaye amesema atafika saa nne.

Kabla hajafika, petali hii ama itaingia, ama haitaingia. Ikiingia, Bi Pimamaji bado ni fundi wa maua. Isipoingia, maana yake duara halikufunga, na miaka yake thelathini na mmoja ya nakshi itaishia kwenye vigae vya vyooni.

"Si kwamba vyoo ni aibu," anasema. "Vyoo vimenisomeshea watoto watatu. Lakini mtu aliyezoea kuimba, usimwambie kuanzia leo awe anasoma risiti."

Alianza kazi hii akibeba mchanga. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, mtoto mmoja mgongoni na mwingine njiani, na fundi ambaye yeye alimbebea mchanga alikuwa mtu wa hasira na mgongo mbovu. Mgongo ukizidi, fundi alikaa kwenye ndoo na kumwelekeza yeye aweke vigae. Baada ya miezi sita ikawa yeye ndiye anaweka kila siku na fundi ndiye anakaa kila siku.

Ua lake la kwanza alilichora kwa msumari, kamba na penseli. Unapigilia msumari katikati, unafunga kamba, unazungusha penseli, kisha unagawa duara kwa jicho na kwa mkono. Hakuna shule iliyomfundisha. Katika biashara ya vigae wanaoweka ni wengi kama mchanga, lakini wanaochora ua likatulia wanahesabika kwa vidole. Yeye alikuwa kidole kimojawapo.

Na ua hulipa. Kwa hesabu yake mwenyewe, ua moja la ukumbini humpa sawa na sakafu za vyumba vinne, na halimchukui nusu ya siku hizo. Mwaka juzi aliweka maua tisa. Mwaka jana aliweka mawili. Mwaka huu, mpaka mwezi wa nane, hakuwa ameweka hata moja.

"Watu walidhani nimeringa," anasema. "Nikaona heri wadhani hivyo."

Mkono ulimsaliti mara ya kwanza katika ukumbi mmoja wa mikutano. Alikuwa anazungusha penseli kama siku zote, na penseli ikaruka. Si kidogo. Mstari uliotakiwa kuwa laini ulitoka na meno kama msumeno. Akacheka kwa sauti, akasema kamba imelegea, akafunga kamba upya. Penseli ikaruka tena. Akawaambia vijana wa saruji kwamba ana njaa, na kwamba atarudi kuchora baada ya chakula. Baada ya chakula akamwambia mwenye jengo kuwa ua halipendezi mahali pale, aweke sakafu ya kawaida.

"Uongo huo! Pale palikuwa panalilia ua," anasema, na hata leo anaonekana kuudhika.

Alikwenda hospitali peke yake, hakumwambia mtu neno. Alikaa kwenye benchi kusubiri majibu tangu saa mbili hadi saa saba. Katika saa hizo tano alihesabu vigae vya korido: mia mbili na kumi na vinne, kimoja kimewekwa kombo. Alimchukia fundi aliyeweka kile kigae kimoja. Alimchukia kwa moyo wake wote, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuwaza yale majibu.

Daktari akamwambia si ule ugonjwa aliokuwa akiuogopa. Ni mtetemeko tu, unaowapata watu wengi, hauui, dawa itaupunguza lakini haitauondoa.

"Nilijiandaa kupewa kifo, nikapewa mtetemeko," anasimulia. "Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani, nikapita duka la nguo nikanunua kitambaa ambacho sikukihitaji. Furaha gani ile! Ikadumu mpaka Jumatatu, niliposhika penseli."

Nyumbani anaishi na mwanawe mkubwa, dereva wa malori ambaye huonekana wiki moja kati ya nne, pamoja na mke wa mwanawe na wajukuu. Mkwe huyo ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mpole mwenye miwani na sauti ya darasani. Mama mkwe hakumwambia chochote kuhusu mkono. Wala mkwe hakuuliza.

"Ila nikaona kitu," anasema Bi Pimamaji. "Alianza kunijazia kikombe nusu. Chai ya kila mtu inafika juu, ya kwangu inaishia katikati. Nikimaliza, ananiongeza nusu nyingine. Miezi mitatu nikawa nakunywa chai kwa nusu nusu, na wote wawili tunajifanya ndivyo chai inavyonywewa."

Mkwe, alipoulizwa na mwandishi, anavua miwani na kuifuta. "Ningesema nini? Mama anaweza kuvunja ukuta kwa mikono yake. Sikutaka awe mgonjwa machoni pangu kabla hajataka mwenyewe."

Mambo yalibadilika Jumapili moja mchana, mezani, kwa sababu ya somo la watoto wa darasa la tano.

Shule ilikuwa imepewa kompyuta chache kuukuu, na mwalimu huyo aliambiwa afundishe watoto kuziamuru kwa vipande. Mwenyewe hakuwa anajua. Akaja na kompyuta moja nyumbani ajifunze kabla watoto hawajamgundua. Katika programu hiyo huandiki maneno magumu. Kuna vipande vya rangi, kila kimoja na amri yake: nenda mbele, geuka, shusha kalamu, rudia. Unavuta kipande, unakipachika chini ya mwenzake, ukimaliza unabonyeza, na mdudu mdogo mwekundu kwenye kioo anatembea na kuacha mstari nyuma yake.

Bi Pimamaji alikuwa anachambua mboga upande wa pili wa meza.

"Unachora nini, mwanangu?"

"Sichori, mama. Namwamuru mdudu ndiye achore."

"Na anakutii?"

"Kila neno."

"Mwenzangu una bahati. Mimi vibarua wangu hawanitii."

Mwalimu akamwonyesha. Nenda mbele hatua mia, geuka nyuzi tisini, rudia mara nne: mraba. Nyuzi ndizo digrii za duara, mia tatu na sitini kwa mzunguko mzima. Kisha akauchukua ule mraba mzima, akauweka ndani ya kipande kingine cha kurudia, akaongeza amri ya kugeuka nyuzi thelathini baada ya kila mraba, akaandika mara kumi na mbili. Mdudu akazunguka. Miraba ikapandana, ikageuka, ikafunga.

Bi Pimamaji akaacha mboga.

"Niliona sakafu," anasema. Kisha anapaka gundi kwenye pengo kwa mwiko, mistari ya meno ikifuatana. "Mwalimu alikuwa anaona hesabu za watoto. Mimi niliona sakafu. Nikamwambia, hebu sogea."

Kujifunza hakukuwa lelemama. Kipanya mkononi mwake kilikimbia huku na huko kama kimefukuzwa na paka. Lakini akagundua jambo ambalo mkwe wake hakuwahi kulizingatia: kipande kikifika karibu na mwenzake, kinajipachika chenyewe. Si lazima mkono utulie. Ufike tu jirani, uachie, nacho kinakaa mahali pake sawasawa.

"Mwaka mzima nilikuwa naomba kitu kimoja tu, kitu kinachonisamehe mkono," anasema. "Nikakikuta kwenye mchezo wa watoto. Na namba unaandika kwa kidole kimoja. Ukishaandika thelathini, ni thelathini. Haitetemeki."

Kwa wiki mbili aliharibu umeme wa nyumba, kwa maneno yake mwenyewe. Akitoka kazini anaoga, anakula, anakaa mezani mpaka mwalimu adai kompyuta yake. Alibadilisha namba moja na ua zima likabadilika. Alipata nyota, magurudumu, na siku moja kitu kama buibui aliyelewa. Wajukuu wakawa wanamletea oda. Mkubwa alitaka ua lenye petali mia, akapewa, likawa jeusi tii.

Ndipo ikaja kazi ya zahanati. Muuguzi mkuu ndiye aliyetaka ua. Mkandarasi alikuwa amepanga sakafu ya kijivu mwanzo hadi mwisho, na muuguzi akakataa.

"Mimi nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita," muuguzi huyo anamwambia mwandishi, akiwa amesimama mlangoni na soksi zake nyeupe. "Anayesubiri majibu haangalii picha ukutani. Anaangalia chini. Basi tuweke kitu huko chini."

Mkandarasi akampigia simu Bi Pimamaji. Alisema neno lake la mwisho: alete mchoro Jumamosi, na kama hana, kuna fundi mwingine wa sakafu za kawaida yuko tayari kuanza Jumatatu. Bi Pimamaji akasema mchoro atauona.

Ilikuwa Jumatano. Siku hiyo hiyo akatengeneza almasi yake. Alhamisi akaipachika kwenye kipande cha kurudia mara kumi na mbili, akabonyeza, akakaa kitako kumtazama mdudu akizunguka. Petali ya kwanza, ya pili, ya tatu, zimekaa bega kwa bega. Ya kumi. Ya kumi na moja. Ya kumi na mbili. Mdudu akasimama.

Ua halikufunga. Kati ya petali ya mwisho na ya kwanza palikuwa na pengo. Kwenye kioo lilikuwa dogo, lakini fundi alilipima kichwani: sakafuni lingekuwa upana wa kiganja.

Akabonyeza tena. Pengo lile lile. Akafuta kila kitu akaanza upya, akapata pengo lile lile, mahali pale pale.

"Nilimtukana yule mdudu," anakiri. "Nilimwambia mvivu, kazi humalizi, umeshapewa rangi na kalamu na bado unabakiza."

Mwalimu alipotoka shuleni aliitwa kama daktari. Akakagua kipande kwa kipande. Kurudia mara kumi na mbili, sawa. Kalamu chini, sawa. Almasi inafunga, sawa. Kompyuta ni nzima. Alitikisa kichwa, akasema labda wajaribu kesho. Ijumaa asubuhi mama mkwe alikwenda kazini akiwa amekunja uso, na njiani akaanza kutunga maneno ya kumwambia mkandarasi.

Jambo ambalo hakulijua ni kwamba mwalimu alikuwa ameliona kosa tangu Alhamisi.

"Niliona ameandika ishirini na tisa," anasema mkwe, na aibu bado iko usoni. "Kwenye almasi ishirini na tisa, kwenye kugeuka ishirini na tisa. Mtoto wa darasa langu angeandika hivyo ningemrudisha mara moja. Lakini huyu ni mama, fundi wa miaka thelathini. Nikasema lazima ni siri ya ufundi. Mimi nani nimsahihishe mama mkwe wangu kwenye vigae?"

Basi heshima ikawakalisha wote wawili kimya, mmoja akingoja kuulizwa na mwingine akiogopa kuuliza, na Jumamosi inakuja.

Ijumaa jioni walikuwa wanaosha vyombo. Mwalimu anasuuza, mama mkwe anafuta, maana kufuta sahani hakuhitaji mkono mtulivu. Mwalimu akavuta pumzi.

"Mama, naomba nikuulize kitu, usinikasirikie."

"Uliza."

"Kwa nini ishirini na tisa?"

"Si nafasi ya grauti, mwanangu! Vigae haviwekwi vikagusana. Lazima vipate pumzi, katikati unajaza grauti, ule uji wa saruji. Kwenye thelathini unatoa moja."

"Sawa. Na hizo nafasi za grauti ziko wapi kwenye mchoro?"

Bi Pimamaji akaweka sahani chini. Wakaenda mezani na mikono yenye povu. Wakatazama. Kati ya petali na petali hapakuwa na nafasi hata ya unywele. Zilikuwa zimebanana kama watu kwenye foleni ya maji. Alikuwa amepunguza uzi mmoja kwenye kila petali, vizuri, lakini amempunguzia mdudu uzi mmoja kwenye kila mzunguko pia, mara kumi na mbili. Nafasi zote kumi na mbili za grauti zilikuwa zimekwenda kukusanyika mahali pamoja, pale kwenye pengo.

Fundi mwingine yeyote wa vigae angefanya kosa hilo. Mkono wake ulikuwa umepunguza kitu kwa ajili ya grauti kila siku ya kazi kwa miaka thelathini na mmoja, na haukuuliza tena unapunguza wapi.

Akaiacha almasi na ishirini na tisa yake. Kwenye kugeuka akafuta, akaandika thelathini. Akabonyeza.

"Kigae ndicho unachokata," anasema sasa, kwa sauti ya mtu anayewafundisha wengine. "Mzunguko huukati. Mzunguko uache mzima."

Mdudu alipofika petali ya kumi na mbili na kulifunga duara, mama mkwe na mkwe walicheka kwa kelele hadi jirani akaita kutoka ng'ambo ya ukuta kuuliza kuna nini. Waliposhindwa kumweleza wakacheka upya. Mwalimu anasema alicheka mpaka akalia, na kwamba hakuwa na hakika ni lini kicheko kiliishia na kilio kikaanza. Ndipo mama mkwe akaunyoosha mkono wa kulia juu ya meza, akauacha utetemeke, akasema, "Umeona, mwanangu."

"Nimeona, mama. Tangu siku nyingi."

Jumamosi mkandarasi aliuona mchoro kwenye kioo, akasema anzeni.

Ikabaki kuupeleka sakafuni. Duka la kuchapa la mtaani lina mashine moja ya karatasi za kawaida, kwa hiyo ua la mita mbili lilitoka kwa vipande, karatasi themanini na nane. Mwenye duka aliuliza hii ni kesi gani ya mahakamani. Karatasi zikatandazwa ukumbini na kuunganishwa kwa gundi, kila mstari ukatobolewa matundu kwa msumari, na juu yake kikapitishwa kitambaa chenye vumbi la chaki. Ukiinua karatasi, chini kumebaki nukta nyeupe kwenye saruji, na mchoro wote uko pale bila penseli kugusa chochote.

Kazi hiyo alisaidiwa na mchanganya gundi aliyefanya naye kazi miaka kumi na minne, mzee wa miaka sitini na kitu anayeitwa Babu Ndoo. Mtu huyu huongea kidogo na huimba ovyo. Walipokuwa wanatoboa matundu, Bi Pimamaji aliona wakati umefika. Akamwambia habari ya mkono.

Babu Ndoo hakuacha kutoboa. "Mwaka jana mwezi wa tano," akasema.

"Mwezi wa tano kuna nini?"

"Ndipo nilipoanza kuificha penseli yako. Ulikuwa ukiitafuta huioni, unasema basi tuweke ya kawaida. Ulidhani inapoteaje kila siku?"

Siri ya mtungi aijuaye kata. Bi Pimamaji alimrushia msumari, ukamkosa kwa mbali.

"Alinitukana matusi ambayo gazeti lako halina nafasi yake," Babu Ndoo anamwambia mwandishi, ameridhika kabisa. "Kisha akaniambia asante. Miaka kumi na minne, asante ya kwanza."

Saa tatu na robo. Petali ya mwisho ina vipande vitatu: ncha ya ndani ya buluu, katikati nyeupe, ncha ya nje ya manjano. Ncha ya ndani imeshaingia. Sasa ni kipande cheupe, ambacho ndicho kipana na ndicho kitakachosema ukweli, kwa kuwa kushoto kwake ipo petali ya kumi na moja na kulia ipo ile ya kwanza. Makosa ya petali zote yakijumlishwa, hukusanyika hapa.

Bi Pimamaji anakishika kwa mikono miwili. Ti-ti-ti, kinagonga kigae cha jirani. Muuguzi mkuu ameacha mlango na kusogea. Babu Ndoo ameacha kuimba.

Anakishusha. Mkono wa kulia unatikisika, wa kushoto unaushika kifundo, na kwa nukta chache mikono yote miwili inatikisika. Kisha kigae kinagusa gundi na kukaa. Anagonga kwa nyundo ya mpira mara tatu. Anachukua kabari mbili ndogo za plastiki, anaingiza moja upande wa kushoto. Inaingia mpaka alama. Anaingiza nyingine upande wa kulia.

Inaingia mpaka alama ile ile.

Nafasi ya grauti inaanzia katikati ya ua ikiwa nyembamba kama uzi na kupanuka taratibu hadi upana wa kidole kidogo, kushoto sawa, kulia sawa. Anaweka pimamaji juu. Kiputo cha hewa kinakwenda katikati na kutulia.

Bi Pimamaji anakaa chini, miguu ameinyoosha kama mtoto. Machozi yanamtoka na hayafuti. "Imefunga," anasema. "Jamani, imefunga." Babu Ndoo anashika ndoo tupu na kuipiga kama ngoma, mpaka muuguzi anamkumbusha kwamba hapa patakuwa na wagonjwa.

Mkandarasi anafika saa nne kasoro dakika kumi, ana simu sikioni, anaikata. Analizunguka ua mara moja. Anachuchumaa, anapitisha ukucha kwenye nafasi ya petali ya mwisho, ambayo hakuambiwa ni ipi, kisha kwenye nyingine, na haoni tofauti.

"Hongera, mama," anasema, na ananyoosha mkono.

Mwaka mzima Bi Pimamaji amempa mtu huyu salamu ya mdomo. Leo anautoa mkono wa kulia, nao unatetemeka ndani ya kiganja chake, na hauondoi.

"Uko hivi tangu mwaka jana," anamwambia. "Siwezi kushika penseli. Ua hili nimelichora kwa kompyuta ya watoto wa shule. Nimeona ujue kutoka kwangu."

Mkandarasi anautazama mkono, analitazama ua.

"Kwa hiyo zile kazi ulizonikatalia..."

"Ndiyo sababu."

"Mama! Mimi nilidhani umenikasirikia! Nimekuwa nikikupigia simu kwa woga kama nampigia mama mkwe!" Anacheka, na ukumbi mtupu unakirudisha kicheko chake mara mbili. Kabla hajaondoka anauliza kama ua la ngazi za jengo lingine linaweza kuanza mwezi ujao. Anauliza hivyo hivyo kikawaida, kama mtu anayeuliza saa.

Linaweza kuanza.

Bi Pimamaji ana mpango mwingine, ambao haulipwi na mtu. Sebule ya nyumba yake, miaka yote hiyo, ni saruji tupu, mganga hajigangi. Anataka kuweka ua katikati yake, na anataka liwe na petali saba, kwa kuwa nyumbani wako saba. Mafundi wa kamba na penseli hawagusi saba. Nne ni rahisi, sita, nane, kumi na mbili, lakini saba haigawanyiki, na mkono hauwezi kuikisia.

Juzi mwalimu alimpigia hesabu mezani: mia tatu na sitini gawanya kwa saba. Jibu likatoka hamsini na moja nukta, na baada ya nukta tarakimu zikafuatana, zikajirudia, hazikwisha.

"Mkwe wangu akaniambia, mama, hii haina mwisho," anasimulia, akikusanya kabari zake moja moja na kuzitia kwenye kopo. "Nikamwambia iandike hivyo hivyo ilivyo, wala usipunguze kitu."

Anafunga kopo. Kifuniko kinagonga kidogo kabla ya kukaa.

"Grauti nitatoa kwenye kigae."